CD Niliyomwachia Mjomba Pauli

Jumamosi, jioni. Mafiga.

Mvua imenyesha tangu saa nane na bado haijaamua kama inaondoka au inakaa. Milima siioni, wingu limeshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba za juu. Umeme upo, na hilo peke yake linanitia shaka, maana Jumamosi ndiyo zamu yetu ya mgao.

Shajara, leo sina utani mwingi. Kesho kuna mtu atachoma madaftari yake kwa sababu yangu, na sijui kama nitamwahi.

Nianzie mbali kidogo.

Wanaosoma blogu hii wanajua kwamba mchana nafundisha kompyuta chuoni, na muda unaobaki nautupa kwenye programu huria. Mimi ni mfungashaji. Programu ikishaandikwa na watu walio huko mbali, lazima atokee mtu aichukue, aiunganishe na vitu vyote inavyovihitaji, aijaribu, aitie sahihi yake, kisha aiweke kwenye ghala la mfumo ili mtu wa Songea au wa Brazili aisakinishe kwa amri moja bila kuuliza imetoka wapi. Hakuna anayenilipa. Watu wanaiamini ile sahihi, basi.

Kifurushi nilichokitoa mwezi juzi ni cha chombo cha kuokolea kompyuta iliyokufa. Jina lake la Kizungu ni refu, mimi nakiita Fufua. Kinachukua nakala ya mashine nzima, mfumo na mafaili yote, na kuiandika kwenye CD. Siku diski ikifa, unaweka diski mpya, unawasha kwa CD, na mashine inaamka ilivyokuwa. Nilikipenda tangu siku ya kwanza. Mimi hata chumvi ya dukani naionja kabla ya kulipa, na chombo hiki kilionekana kimeandikwa na mtu wa aina yangu.

Wiki tatu baada ya kukitoa, ikaingia barua pepe kutoka kwa mtu anayejiita k. Herufi moja, tena ndogo. Hakuna hujambo, hakuna habari za huko. "Kwa nini umezima majaribio? Rekebisha." Chini yake aliambatanisha kiraka, yaani mistari michache ya marekebisho ambayo nilitakiwa niichukue tu na kuibandika kwenye kifurushi changu.

Nimelelewa na mama ambaye mtu akiingia uani bila hodi, yeye alikuwa anatoka nje kuwaangalia kuku wake kama wametimia. Nikaitazama ile anwani: ya bure, haina jina la mtu wala la nchi. Nikasema huyu anataka kupitisha nyoka kwenye gunia langu. Mambo hayo yapo. Mtu anakuja na kiraka kidogo chenye sura ya msaada, keshokutwa kompyuta za watu wasiojuana zote ziko mkononi mwake. Nikakikataa. Akarudi wiki iliyofuata na maneno yaleyale, nikakataa. Akarudi mara ya tatu, safari hii bila hata hilo neno moja la kuamuru. Nikaitupa anwani yake kwenye takataka, barua zake zikawa zinaingia huko moja kwa moja.

Sikukisoma kile kiraka.

Nalirudia kwa sababu ndilo nililokuja kuliungama hapa. Nilikishuku mara tatu na sikukisoma hata mara moja.

Na alichokisema kilikuwa kweli. Nilizima majaribio. Fufua ina majaribio yake yenyewe: wakati wa kufungasha, inatengeneza nakala ya mfano, inairudisha, kisha inalinganisha faili kwa faili kama kilichorudi ni sawa na kilichoondoka. Kwenye mashine yangu kazi hiyo inachukua saa mbili, na mwezi ule mgao haukunipa saa mbili zilizoungana hata siku moja. Mara ya nne umeme ulipokatika katikati, nikaandika mstari mmoja wa kuruka majaribio. Nikajiahidi nitaufuta. Kisha nikatia sahihi.

Sasa Mjomba Pauli.

Mjomba Pauli ni kaka wa marehemu mama, mwalimu mstaafu, na anakaa Mgeta, juu kabisa, pale gari linapokushusha na miguu yako kuanza kazi. Kwa miaka mingi amekuwa akiandika rejista ya mashamba ya kijiji. Kila tuta, mpaka wake, nani analima, alipewa na nani, na ni wa tumbo la mama yupi. Kwetu Waluguru shamba ni la lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mtu hulima alichopewa, hauzi. Zamani hayo yalikaa vichwani mwa watu. Tangu biashara ifunguliwe na magari ya vioo vyeusi yaanze kupanda kuulizia mashamba ya karoti na pichesi, vichwa vingine vimeanza kusahau kwa makusudi.

Mwaka jana kijana mmoja alitaka kumuuzia mgeni kipande kilichoko juu ya kijito. Mkutano ukaitwa, Mjomba akafungua rejista na kusoma kwa sauti: kipande ni cha bibi yake kijana, na wajukuu wengine sita wa bibi huyohuyo wanalima hapohapo. Mgeni akarudi kwenye gari lake akashuka zake. Tangu siku hiyo wapo watu wanaomwamkia Mjomba kwa mdomo tu.

Zamani rejista ilikuwa kwenye madaftari kumi na mawili, ndani ya sanduku la bati. Misheni walipobadilisha mashine zao za ofisini, wakampa moja ya zamani, na kwa kuwa wana umeme wao wa maji, waya ukafika mpaka chumbani kwake. Mimi nilimwekea mfumo huria na kumfundisha. Akanakili madaftari yote kwa vidole viwili. Sasa mambo mapya yote anayaandika kwenye kompyuta tu. Nilijivunia sana. Niliwahi kuandika hapa kwamba mjomba wangu ndiye mzee wa kwanza wa Mgeta kutumia mfumo huria, mkacheka.

Mwezi huu akanitumia ujumbe kwa simu ya katekista kwamba mashine inagonga. Diski ikianza kugonga imebakiza siku chache. Basi Alhamisi nikapanda na lori lililokuwa linafuata kabichi, nikiwa na CD nne tupu na sahihi yangu.

Kwenye njia ya miguu nilimpita mama mmoja anapalilia njegere. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza kama nimekuja kupima mashamba. Nikasema nimekuja kumwona mjomba. Akasema haya, akasimama na jembe lake kunitazama mpaka nilipokata kona. Namwelewa. Mimi ni mtoto wa dada yake Mjomba, na shamba kwetu hufuata mama. Akitafutwa mtu mwenye sababu ya kuichezea ile rejista, wa kwanza ni mimi.

Mjomba naye hakunipokea kwa ngoma. Alitaka kujua CD ni nini hasa, nani mwingine anaweza kuisoma, na kama mashine yangu ya mjini inabaki na kivuli cha kilichomo. Nikamjibu moja moja, kwa subira ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuiona. Mwisho akakubali, kwa sharti kwamba CD haitoki kwenye nyumba ile. Akavuta kiti akakaa nyuma ya bega langu. Chakula kilipoiva akaletewa palepale.

Fufua ilifanya kazi dakika kumi na tano. Ikaandika CD moja, ikatoa neno "Imefaulu" kwa herufi za kijani, ikanyamaza.

"Mbona upesi hivyo?" Mjomba akauliza.

"Ndiyo programu nzuri, Mjomba."

Nikamfungulia orodha ya yaliyomo ndani ya CD. Majina yote ya mafaili yake yalikuwepo, kitongoji kwa kitongoji. Akayafuata kwa kidole juu ya kioo, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Mimi nami nikaridhika. Anayepanga nyanya kwenye tenga anajua zipi za kuweka juu, na mteja wa mjini anajua kuingiza mkono mpaka chini. Mimi sikuingiza mkono.

Kisha nikamwomba nishuke na mashine Mafiga nikaiwekee diski mpya. Akakataa. Nikamweleza kwa upole, akakataa. Nikamweleza kwa ukali kidogo, akakataa vilevile.

"Mjomba, kwani unanishuku mimi?"

"Namshuku kila mtu, mpwa wangu. Wewe nakushuku kwa upendo."

Alisema akicheka, lakini mashine haikutoka. Iliniuma, sitaficha. Nikamwambia kama ndivyo basi nitaileta diski mpya huko juu wiki ijayo, na kwa sasa aendelee kuitumia mashine bila wasiwasi, hata ikifa leo CD itaifufua. Ndivyo nilivyosema, kwa hasira za mtu mjuzi asiyeaminiwa.

Ijumaa asubuhi, tukiwa kwenye chai, akanionyesha daftari la tano. Ukurasa mmoja umechanwa, umetoka safi kabisa, na kufuli la sanduku lina mikwaruzo. Hajui ni nani. Ana watu wanne anaowadhania na aliwataja wote, wawili kati yao ni wanakwaya. Akasema amefikiri usiku kucha. Kitu kikiwa sehemu tatu, mwizi ana milango mitatu. Mashine ina neno la siri, CD ataishona ndani ya mto wake, kwa hiyo madaftari hayana kazi tena ila kuwaita wezi. Jumapili baada ya misa ya kwanza atayachoma pamoja na makapi ya maharage.

Akaniuliza mara moja tu, akinitazama usoni. "Hii CD yako itarudisha kila kitu?"

"Kila kitu, Mjomba."

Sikupepesa macho.

Nikashuka na lori, nimekaa juu ya kabichi na akina mama wawili wa sokoni. Swali lake likanifuata. Mbona upesi hivyo. Mashine ile ina mafaili ya kujaza CD nne, na ukiyabana sana zitatosha tatu. Ndiyo maana nilibeba nne. Hesabu hiyo anaiweza mwanafunzi wangu wa wiki ya pili, na mimi niliifanya tukiwa tumeshapita kona tatu.

Ningeweza kugonga bodi, dereva akasimama, nikashuka na kurudi kwa miguu. Sikugonga. Nilijiambia ni wasiwasi wangu wa kawaida. Ukweli ni kwamba sikutaka Mjomba anione nimerudi na shaka usoni, baada ya yale maneno makubwa niliyoyasema.

Leo asubuhi nimechukua mashine chakavu ya chuoni yenye diski ya aina ileile. Kabla ya kuigusa nimeingia kwenye takataka za barua pepe na kukitoa kiraka cha k. Kina mistari kumi na moja. Nimeisoma kama polisi, mstari kwa mstari, natafuta nyoka. Hayumo. Mstari wa kwanza unafuta ule niliouandika mimi. Iliyobaki inailazimisha Fufua isubiri jibu la programu ya kubania mafaili, ile inayoyapunguza ukubwa, kabla ya kusema imefaulu.

Nimekibandika na kuwasha majaribio. Umeme haukukatika, sijui kwa nini, na saa mbili zimetimia. Saa nane, mvua inaanza, majaribio yameanguka.

Kosa ni langu mwanzo mpaka mwisho. Nilipofungasha, niliunganisha Fufua na toleo jipya la programu ya kubania, kwa sababu ndilo lililokuwepo ghalani na sikutaka usumbufu wa kutafuta la zamani. Toleo hilo halielewi maagizo ya Fufua. Likipewa faili linakataa na kutoka, na Fufua haigeuki kutazama. Inaandika jina la faili kwenye orodha, inakwenda kwa linalofuata, na mwisho inatoa herufi za kijani. Nimechoma CD kwa kifurushi changu kilekile cha awali na kuifungua. Majina yote yapo. Ndani ya kila jina hamna kitu.



Halafu nimefanya yaliyo ndani ya uwezo wangu. Nimekiondoa kifurushi ghalani. Nimetangaza kwenye orodha ya barua pepe kwamba yeyote aliyechukua nakala kwa kifurushi changu asiitegemee, aipime leo, na kwamba aliyezima majaribio ni mimi, si mgao. Nimemwandikia k kumwomba radhi na kumweleza kila kitu, pamoja na lile la takataka.

Amejibu ndani ya nusu saa. "Mashine yangu ilikufa mwezi uliopita. Niliirudisha kwa kifurushi chako. Kwangu imeshachelewa, wahi wengine."

Kumbe yale maneno mawili matatu yalikuwa ya mtu aliyefiwa na kazi yake, hana nguvu ya kuniuliza habari za huku.

Simu ya katekista haipatikani. Kule mtandao unapatikana kwenye kilima kimoja tu, na kwa mvua hii hakuna wa kukipanda. Nimetuma ujumbe mara tatu. Kwa ninavyoujua ule ukungu, ujumbe utamfikia Jumatatu. Stendi ya malori nimekwenda nikarudi nimelowa. Hakuna dereva anayepanda Mgeta jioni ya leo, barabara ni utelezi mtupu. Saidi, jirani mwenye pikipiki, amekubali tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Ameuliza kuna nini, nimesema kuna mgonjwa.

Misa ya kwanza inaanza saa moja. Barabara ikikubali tutafika kwenye njia ya miguu saa moja na nusu. Kutoka hapo mpaka kwa Mjomba ni saa nzima ya kupanda, kwa miguu yangu hii ya kukaa.

Sasa naandika jambo ambalo nisingependa mlisome, na nalichapisha hivyohivyo. CD ilipofunguka tupu, nilichokiona kwanza si mashamba ya watu. Si wale wajukuu wa juu ya kijito. Niliona jina langu. Niliona yule mama wa njegere akisimulia: mtoto wa dada yake alipanda Alhamisi na kisahani chake, Jumapili madaftari yakawa majivu, wiki iliyofuata mashine ikafa. Na kila neno litakuwa kweli. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, na nimeona aibu kwamba ilianzia hapo.

Diski bado inagonga kule juu. Anaiwasha kila siku kwa raha, kwa sababu nilimwambia hata ikifa hakuna neno.

Tangu magharibi nafanya mazoezi ya nitakachosema. Shikamoo Mjomba. Usichome. CD ni tupu, mimi ndiye niliyekosea, yaweke madaftari kwanza. Ni maneno machache na ni ya kweli. Nimeyasema kwa sauti humu chumbani, kisha nikajaribu kuyasikia kwa masikio yake. Ukurasa umechanwa na kufuli limekwaruzwa. Mpwa alitaka kuondoka na mashine akakataliwa, akanuna. Siku mbili baadaye anarudi alfajiri kwa pikipiki, hajaitwa, ana tope mpaka magotini, na ombi lake ni moja tu: madaftari yasichomwe, yabaki sandukuni, palepale mwizi anapopajua.

Ataamini?

Mimi ningekuwa yeye, ningewasha kiberiti.